Faraday, mjalidi vitabu aliyeufungulia ulimwengu mlango wa umeme

UKIPITA katika vichochoro vya Gatwekera, mojawapo ya vijiji vya mtaa wa Kibera jijini Nairobi, si ajabu kumkuta kijana ameinamia meza ya mbao, redio imepasuliwa tumbo mbele yake, na chuma cha kulehemu kinafuka moshi mkononi. Kando yake pana kopo lililojaa vipuri: transfoma iliyong'olewa katika chaja iliyoungua, mota ya redio ya kaseti, sumaku ya spika iliyochanika, na kapasita za kila ukubwa. Kwa mpita njia, hizo ni takataka. Kwa fundi, hiyo ni akiba.

Jambo ambalo mafundi wengi hawajapata kuambiwa ni kwamba karibu kila kilichomo katika kopo hilo kinarejea kwa mtu mmoja. Mota ina asili yake kwake. Transfoma vilevile. Kapasita nazo hupimwa kwa kipimo chenye jina lake, kile kinachofupishwa kwa herufi F ubavuni mwake. Mtu huyo hakukanyaga chuo kikuu kama mwanafunzi hata siku moja. Alikuwa mwana wa mhunzi maskini, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupeleka magazeti mlango hadi mlango. Jina lake ni Michael Faraday.

Makala haya yanasimulia maisha ya mja huyo kwa sababu swali lililomkabili yeye miaka mia mbili na ushei iliyopita ndilo linalomkabili kijana wa Gatwekera leo: je, aliyezaliwa mbali na milango ya elimu aweza kuingia ndani, na ni nani atakayemfungulia?

Mkate mmoja kwa juma

Faraday alizaliwa Septemba 22, 1791, katika kitongoji cha Newington Butts, ambacho siku hizi ni sehemu ya kusini mwa London, Uingereza. Alikuwa wa tatu katika watoto wanne. Babake, James, alikuwa mhunzi aliyehama na mkewe, Margaret, kutoka kaskazini mwa nchi kutafuta riziki mjini, kama wafanyavyo wengi wanaoziacha shamba zao na kuingia Nairobi. Lakini afya ya mzee ilikuwa dhaifu, na siku ambazo hakuweza kuinua nyundo zilikuwa nyingi.

Mnamo 1801 bei ya nafaka ilipanda mno nchini Uingereza. Inasimuliwa kwamba katika kipindi hicho Michael, akiwa na umri wa miaka tisa, alikuwa akipewa mkate mmoja tu na kuambiwa umtoshe juma zima. Familia iliishi katika vyumba vilivyokuwa juu ya banda la magari ya farasi. Shule aliyoipata mtoto huyo ilimfunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Hesabu hiyo haba ingemwandama maisha yake yote, kama tutakavyoona.

Alipotimu miaka kumi na mitatu, mwaka wa 1804, aliajiriwa na George Riebau, mhamiaji kutoka Ufaransa aliyekuwa na duka la kuuza na kujalidi vitabu katika barabara ya Blandford. Kazi ya kijana ilikuwa kutembeza magazeti. Zama hizo gazeti lilikuwa ghali, na watu waliliazima kwa malipo. Hivyo Faraday alilipeleka kwa msomaji mmoja, akarudi kulichukua, akalipeleka kwa mwingine. Mwaka uliofuata Riebau, aliyependezwa na bidii yake, alimfanya kuwa mwanagenzi kwa muda wa miaka saba bila kumtoza ada.

Kitabu kinachofungwa na kitabu kinachofunguliwa

Kazi ya mjalidi ni kushona kurasa na kuzivika jalada. Wengi katika kazi hiyo hupitisha maelfu ya vitabu mikononi bila kujua yaliyomo. Faraday alifanya kinyume. Mchana alivifunga, na usiku alivifungua.

Miongoni mwa alivyovisoma ni ensaiklopidia ya Britannica, na hasa maelezo yake kuhusu umeme. Kingine kilikuwa kitabu cha Jane Marcet kilichofunza kemia kwa njia ya mazungumzo, kwa lugha ambayo hata asiye msomi angeielewa. Hata hivyo, Faraday hakuridhika kusoma tu. Kila alipokutana na jambo ambalo angeweza kulijaribu kwa vifaa vya bei nafuu, alilijaribu kwa mikono yake ili ahakikishe kwamba kitabu hakisemi uongo. Kwa chupa na mbao alijiundia mashine ya kuzalisha umeme kwa msuguano.

Mwaka wa 1812 aliunda betri yake ya kwanza. Alichukua sarafu saba za shaba za nusu peni, akakata vipande saba vya zinki vya ukubwa uo huo, akavipanga kwa zamu huku akitenganisha kila jozi kwa karatasi iliyolowa maji ya chumvi. Kwa betri hiyo aliweza kuichanganua chumvi ya magnesi iliyoyeyushwa majini. Maabara yake ilikuwa chumba cha mwanagenzi, na mtaji wake ulikuwa sarafu za mfukoni.

Msomaji aweza kuufanya ujuzi huo huo leo bila gharama. Chomeka msumari uliopakwa zinki na kipande cha waya wa shaba katika limau moja, navyo visigusane. Fanya hivyo kwa malimau manne, kisha uyaunganishe kwa mfululizo, shaba ya moja kwa zinki ya lingine. Umeme utakaopatikana waweza kuiwasha kwa unyonge taa nyekundu ndogo mno ya LED, ile iliyong'olewa katika redio mbovu. Huo ndio mwanzo salama wa mwanagenzi yeyote wa elektroniki. Umeme wa ukutani si wa kuchezea, na kapasita kubwa za televisheni huweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa. Faraday mwenyewe aliijua hatari: katika miezi yake ya kwanza maabarani mlipuko wa kemikali ulimjeruhi mkono.

Shilingi ya kaka, tiketi ya mteja

Yapo masimulizi yanayomfanya Faraday aonekane kama mtu aliyejiinua peke yake. Huo si ukweli kamili. Aliinuliwa pia na watu ambao majina yao hayatajwi sana.

Wa kwanza ni kakake Robert, aliyerithi kazi ya baba ya uhunzi. Kuanzia 1810 kulikuwa na mhadhiri aitwaye John Tatum aliyefunza sayansi nyumbani kwake nyakati za usiku kwa ada ya shilingi moja kila somo. Mwanagenzi hakuwa na shilingi hiyo. Robert alimlipia kutoka katika jasho lake la kufua chuma.

Wa pili ni Riebau, aliyemwachia mwanagenzi wake nafasi ya kusoma na kufanya majaribio, kisha akawaonyesha wateja daftari ambamo kijana aliyaandika kwa unadhifu masomo ya Tatum. Kwa njia hiyo habari zake zilimfikia wa tatu, William Dance, mwanamuziki aliyekuwa mteja wa duka. Dance alimpa tiketi za kuhudhuria mihadhara minne ya Sir Humphry Davy, mkemia aliyevuma kuliko wote Uingereza, katika taasisi ya Royal Institution, mapema mwaka wa 1812.

Faraday aliketi juu kabisa ukumbini, akaandika kila alichokisikia na kuchora kila chombo alichokiona. Alipofika nyumbani aliyanakili upya yote, akaongeza michoro na faharasa, akapata kitabu cha kurasa zipatazo mia tatu. Kisha akafanya lile aliloliweza kuliko Davy: akakijalidi vizuri.

Oktoba 1812 uanagenzi wake ulikwisha na akaanza kazi ya ujalidi kwa tajiri mwingine, kazi asiyoipenda. Alikuwa amemwandikia mkuu wa chama cha wanasayansi cha Royal Society akiomba kazi yoyote ile, hata ya chini. Hakujibiwa. Mwishoni mwa mwaka huo alimtumia Davy kile kitabu. Davy alimwita, akamsikiliza kwa upole, na kumshauri ashikilie ujalidi wake kwani sayansi haina malipo.

Mlango ulifunguka kwa sababu ambayo haikuhusiana na kipaji. Februari 1813 msaidizi wa maabara katika taasisi hiyo alifutwa kazi kwa kupigana. Davy akamkumbuka kijana wa kitabu. Machi 1, 1813, Faraday aliajiriwa kwa shilingi 25 kwa juma, pamoja na vyumba viwili vya orofani. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuosha vyombo na kutayarisha mihadhara. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama bila kinyongo.

Msomi mezani, mtumishi jikoni

Oktoba mwaka huo Davy alianza safari ndefu ya Ulaya akamchukua Faraday kama msaidizi. Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani, na ilibidi Napoleon atoe kibali maalumu wapite. Dakika za mwisho mtumishi wa Davy alikataa kusafiri, na Faraday akaombwa ashike kazi zake kwa muda hadi mwingine apatikane. Huyo mwingine hakupatikana.

Basi kwa mwaka mmoja na nusu kijana huyo aliishi maisha mawili. Mchana alikutana na wanasayansi waliotajika, akiwemo Ampère jijini Paris na mzee Volta nchini Italia, mvumbuzi wa betri ile ile aliyoiiga kwa sarafu. Jioni mke wa Davy, mwanamke wa tabaka la juu, alimtendea kama mtumishi na kutaka ale na watumishi. Faraday aliumia kiasi cha kufikiria kurejea nyumbani peke yake. Alivumilia kwa kuwa aliyaona masomo ya safari hiyo kuwa chuo kikuu ambacho hakingepatikana kwingine. Walirudi London Aprili 1815.

Waya unaozunguka

Mwaka wa 1820 mwanasayansi wa Denmark, Hans Christian Ørsted, aligundua kwamba waya unaopitisha umeme huisukuma sindano ya dira. Habari hizo zilienea Ulaya kama moto wa nyika. Miongoni mwa waliolichunguza jambo hilo alikuwa William Wollaston, mwanasayansi mashuhuri, aliyedhani kwamba waya unaweza kufanywa uzunguke, lakini jaribio lake na Davy halikufaulu.

Septemba 1821, miezi mitatu baada ya kumwoa Sarah Barnard, Faraday alifaulu kwa njia yake mwenyewe. Alisimamisha sumaku katika chombo chenye zebaki, akaning'iniza waya ambao ncha yake iligusa zebaki hiyo, akapitisha umeme. Waya ukaanza kuizunguka sumaku bila kukoma. Kwa mara ya kwanza umeme ulikuwa umezalisha mzunguko usiokatika. Mota inayozungusha feni, mashine ya kusaga nafaka na kanda za redio kuukuu ni mjukuu wa waya huo.

Hata hivyo, furaha iligeuka shubiri. Faraday aliharakisha kuchapisha matokeo yake bila kutaja kazi ya Wollaston na Davy, na minong'ono ikaenea kwamba amewaibia wakubwa mawazo yao. Kifaa chake kilikuwa tofauti na walichokijaribu wao, lakini kutowataja lilikuwa kosa, naye alijuta. Alipopendekezwa kuwa mwanachama wa Royal Society, mpinzani wake mkuu alikuwa Davy, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa rais wa chama hicho. Januari 1824 kura zilipopigwa, ni moja tu iliyompinga. Faraday hakuacha kumheshimu Davy hadi mwisho, ila somo hilo hakulisahau: tangu hapo alikuwa mwangalifu mno kuandika tarehe ya kila jaribio.

Agosti 29, 1831

Iwapo umeme huzaa usumaku, je, sumaku haiwezi kuzaa umeme? Swali hilo lilimkaa kichwani kwa miaka kumi. Agosti 29, 1831, alichukua pete ya chuma yenye upana wa inchi sita, akaizungushia waya wa shaba upande mmoja, na waya mwingine upande wa pili. Kwa kuwa hakukuwa na waya uliovikwa plastiki zama hizo, alizitenganisha nyuzi kwa kitambaa cha bafta na uzi. Koili ya kwanza aliiunganisha na betri, ya pili akaielekeza kwenye sindano ya sumaku.

Alipounganisha betri, sindano ilitikisika, kisha ikatulia. Alipoitenganisha, ikatikisika tena. Kati ya nyakati hizo mbili, umeme ukipita kwa utulivu katika koili ya kwanza, hakukuwa na lolote. Mwingine angelidhani hitilafu. Faraday alielewa kwamba siri yote imo katika mabadiliko: nguvu ya sumaku isiyobadilika haizai umeme, inayobadilika huuzaa.

Pete ile ndiyo transfoma ya kwanza. Oktoba 17 alisukuma sumaku ndani ya koili na kupata umeme pasipo betri yoyote. Siku kumi na moja baadaye alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, na hiyo ikawa jenereta ya kwanza. Nchini Marekani Joseph Henry aliligundua jambo hilo hilo kivyake, lakini Faraday ndiye aliyetangulia kuchapisha.

Fundi wa Gatwekera aweza kulirudia jaribio hilo kwa vilivyomo koponi mwake. Aunganishe ncha za koili ya transfoma ya zamani na mita ya mshale, kisha apitishe sumaku ya spika karibu nayo kwa haraka. Mshale utaruka. Asimamishe sumaku, nao utarudi sufuri. Atakuwa ameona kwa macho yake kile ambacho mabwawa ya Masinga na Gitaru, katika mto Tana, hukifanya kwa maji badala ya mkono.

Mali bila daftari

Siri nyingine ya Faraday haikuwa ya sumaku, bali ya wino. Aliandika majaribio yake kila siku, na tangu 1832 aliyapa maandishi hayo nambari mfululizo, aya baada ya aya, hadi zikapita 16,000. Aliandika yaliyofaulu na yaliyofeli kwa uzito uo huo. Alipoanza kupoteza kumbukumbu katika umri wa makamo, jambo lililomtesa mno, daftari zikawa ndizo akili yake ya pili.

Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Fundi hubadilisha vipuri vitatu kwa mpigo, redio ikalia, na hajui ni kipi kilichoiponya. Mwanafunzi huandika programu ya kompyuta kwa majuma mawili, akaihariri usiku mmoja ikakwama, na hana nakala ya jana. Mali bila daftari hupotea bila habari. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja na uliandike pamoja na tarehe. Kila programu ikifanya kazi, ihifadhi kwa jina jipya lenye tarehe kabla ya kuigusa tena. Weka nakala ya pili mahali pengine, kwani flashi hufa bila kuaga na simu huibwa. Haya hayahitaji kompyuta ya bei. Yanahitaji mazoea aliyokuwa nayo mjalidi mmoja na kalamu yake.

Mbegu ya kompyuta

Ndani ya daftari hizo kuna jambo lililopita karibu bila kutambuliwa. Mwaka wa 1833 Faraday alikuwa akipima jinsi vitu mbalimbali vinavyopitisha umeme. Metali zikipashwa moto huzidi kuuzuia. Sulfidi ya fedha ilifanya kinyume chake: kadiri ilivyopata joto ndivyo ilivyozidi kuupitisha. Alilishangaa jambo hilo, akaliandika, akaendelea na mengine. Hakukuwa na nadharia ya kulifafanua.

Leo twajua kwamba alikuwa ameona tabia ya vitu viitwavyo semikondakta, yaani vilivyo kati ya kupitisha na kuzuia umeme. Zaidi ya karne moja ilipita kabla ya transista ya kwanza kuundwa nchini Marekani mwaka wa 1947. Mnamo 1971 transista 2,300 zilitiwa katika kipande kimoja cha silikoni, nayo ikawa chipu ya Intel 4004. Siku hizi maikrokontrola, ile kompyuta ndogo mno inayokaa ncha ya kidole, huongoza mashine za kufulia, mita za umeme na taa za barabarani. Kadi ya Arduino, iliyozaliwa Italia mwaka wa 2005 kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi, humwezesha kijana kuiamuru chipu kama hiyo ipime joto, iwashe pampu au ifungue mlango.

Ni jambo la kutafakari kwamba mlolongo huo wote ulitanguliwa na aya iliyoandikwa na mtu ambaye hakujua itamfaa nani. Angeipuuza kwa kuwa haikuafiki alichokitarajia, asingelaumiwa.

Asiyejua hesabu, na aliyeijua

Kulikuwa na kasoro moja ambayo bidii haikuiponya. Faraday hakujua hisabati ya juu. Aliyaona mambo kwa picha: alinyunyiza unga wa chuma kwenye karatasi juu ya sumaku, akaona mistari imejipinda, akaamini kwamba mistari hiyo ya nguvu imo kweli angani. Baadhi ya wasomi wa hesabu waliyachukulia mawazo hayo kama ndoto za asiyesoma.

Aliyeyaelewa ni kijana wa Uskoti, James Clerk Maxwell, mdogo wake kwa miaka arobaini. Kuanzia katikati ya miaka ya 1850 Maxwell aliitafsiri picha ya Faraday katika lugha ya hesabu, na hesabu hiyo ikaonyesha kwamba kuna mawimbi ya umeme na sumaku yanayosafiri kwa kasi ya mwanga. Heinrich Hertz aliyathibitisha nchini Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1880. Hayo ndiyo mawimbi yanayobeba redio, simu na intaneti isiyo na waya. Jirani anayesikiliza habari mlangoni mwake anafaidi ushirikiano wa aliyejua mikono na aliyejua hesabu. Kijana anayependa elektroniki asikimbie hesabu kwa kisingizio cha Faraday. Yeye mwenyewe aliililia.

Matunda hayo yalifika pwani yetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliagiza jenereta ya kuangazia kasri yake. Mwaka wa 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua na kuihamishia kisiwani humo ili kuanzisha kampuni ya umeme, na mwaka uo huo Nairobi nayo ikapata kampuni yake.

Aliyefunguliwa akafungua

Faraday alipopanda hadi kuwa mkurugenzi wa maabara mwaka wa 1825, hakuufunga mlango nyuma yake. Alianzisha mihadhara ya Ijumaa jioni ya kuwaeleza watu wa kawaida mambo ya sayansi. Ile ya Krismasi kwa ajili ya vijana aliitoa mara 19 kati ya 1827 na 1860, na mashuhuri zaidi ni ile aliyotumia mshumaa mmoja kufunza kemia nzima. Mihadhara ya Krismasi ingali inatolewa hadi leo.

Alikuwa mcha Mungu wa madhehebu madogo ya Kikristo yaliyohimiza maisha ya kawaida. Alikataa cheo cha Sir, na mara mbili alikataa kuwa rais wa Royal Society, chama ambacho mkuu wake wa zamani hakuijibu barua yake. Yeye na Sarah hawakujaliwa watoto. Mwaka wa 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kuishi huko Hampton Court, na humo ndimo alimofariki kitini mnamo Agosti 25, 1867. Alizikwa katika makaburi ya Highgate bila shamrashamra, kama alivyotaka.

Twaweza kumsifu Faraday kwa bidii, na tutakuwa tumesema kweli nusu. Nusu ya pili ni shilingi ya Robert, subira ya Riebau na tiketi za Dance. Bila hizo, daftari lile lililojalidiwa vizuri pengine lingeozea katika duka la barabara ya Blandford, nasi tusingejua tulichokipoteza.

Meza za mafundi wa Gatwekera hazina upungufu wa akili wala mikono. Kinachokosekana mara nyingi ni tiketi: mhandisi atakayemkaribisha kijana kazini kwake kwa siku moja, mwalimu atakayemwazima kitabu cha hesabu, kaka atakayelipa nauli ya kwenda maktaba. Hakuna hata mmoja wa watu watatu waliomsaidia Faraday aliyekuwa mwanasayansi. Walikuwa mhunzi, mwenye duka na mwanamuziki. Kwa hivyo, ndugu msomaji, hata wewe usiyejua kutofautisha kapasita na betri, huenda tiketi ya mtu imo mfukoni mwako.